Nimejaribu Linux mara mbili nikarudi Windows. Nijaribu tena?

SWALI

Kaka, mimi ni mfasiri na kazi yangu yote ni hati: naletewa faili la Word, nalifasiri, nalirudisha. Laptopu yangu ni ya mwaka 2017, ina RAM ya gigabaiti 8, na imeshaniambia wazi kwamba haipokei Windows 11. Nikaamua kuhamia Linux, mfumo endeshi mwingine badala ya Windows. Mara ya kwanza mpwa wangu aliniwekea distro, yaani aina moja ya Linux, ya mafundi. Wi-Fi haikuonekana kabisa, nikavumilia siku nne kisha nikarudi nilikotoka. Mara ya pili niliweka Linux Mint mwenyewe, kando ya Windows. Safari hii Wi-Fi ilikubali, lakini saa ikawa inanidanganya kila nikitoka mfumo mmoja kwenda mwingine, diski yenye kazi zangu ikawa inafunguka ila hainiruhusu kuhifadhi kitu, na hati niliyomrudishia mteja ikamfikia kurasa zimehama, jedwali moja limekatika katikati. Nilipouliza nikajibiwa nikasome mwongozo. Nauliza kwa unyenyekevu: nijaribu mara ya tatu, au nikubali kwamba huu si mfumo wa watu kama mimi?

JIBU

Dada yangu, pole, hasa kwa hilo jibu la mwongozo. Katika mambo manne yaliyokupata hakuna hata moja lililotokana na ujinga wako. Yote yana sababu zinazojulikana, na matatu yanatibika upesi. Linalobaki, la hati ya mteja, ndilo litakaloamua kama utahamia au utarudi tena, kwa hiyo nitalikalia zaidi.

Kwanza nikuambie jambo ambalo mafundi hatupendi kulisema hadharani: hata mimi nilirudi nilikotoka mara mbili. Mwaka 2006 niliagiza CD ya Ubuntu 6.06, distro nyingine ya Linux. Enzi hizo kampuni ya Canonical, wenye Ubuntu, ilikuwa ikituma CD bure kwa posta kwa yeyote aliyeziomba. Bahasha ikafika, nikaisakinisha usiku uleule, na asubuhi nikagundua modemu yangu haitambuliki. Ilikuwa moja ya zile modemu ambazo nusu ya kazi yake hufanywa na programu ya Windows. Bila Windows ni kipande cha plastiki chenye tundu la simu. Nikawa na mfumo mpya usioweza kuingia intaneti kutafuta namna ya kuingia intaneti. Wiki ya tatu nikasalimu amri.

Mara ya pili nilikwenda kwa hasira. Nilifuta Windows yote nikaapa sirudi, na siku ya tano nikahitaji programu moja, moja tu, iliyokuwa haina toleo la Linux. Kiapo kikaishia hapo.

Mara ya tatu, mwaka 2010, sikuwa na mpango wowote. Diski yangu ilikufa nikiwa na kazi ya kukabidhi jioni. Nikaweka diski nyingine, nikasakinisha Ubuntu 10.04 kwa kuwa ndiyo CD iliyokuwa mkononi, nikijiambia kwamba kesho nitatafuta Windows. Lakini kwa karibu mwaka mzima kabla ya hapo nilikuwa, nikiwa ndani ya Windows, natumia Firefox, Thunderbird kwa barua pepe, OpenOffice.org kwa hati na VLC kwa video. Nilipofungua ule mfumo "mgeni", nilizikuta programu zilezile, nyingine zimo tayari na nyingine za kuongeza tu, na vitufe viko palepale. Nikamaliza kazi. Kesho yake sikutafuta kitu.

Toka siku ile ushauri wangu kwa kila anayetaka kuhama ni mmoja: hama programu kwanza, mfumo baadaye. Siku nzima wewe uko ndani ya kivinjari, ndani ya hati, ndani ya kamusi na barua pepe. Mfumo endeshi wenyewe unauona unapowasha na unapozima. Anayebadili vyote kwa usiku mmoja hujikuta anajifunza mambo kumi huku kazi ya mteja inamsubiri, na mkono wake ukienda mahali pa zamani pasipokuwa na kitu, analaumu Linux. Wewe ulifanya hivyo mara mbili, kama mimi. Uhamaji wako wa tatu usianze na usakinishaji. Uanze hapohapo ulipo, ndani ya Windows.

Nitarudi hapo. Kwanza tuyaondoe njiani yale matatu mepesi.

Wi-Fi. Keneli ya Linux, yaani kiini chake kinachozungumza na vifaa, hubeba ndani yake draiva nyingi, zile programu ndogo zinazoendesha kila kifaa. Nyingine zimeandikwa na kampuni zenyewe zilizotengeneza chipu, nyingine zimeandikwa na watu waliokaa wakiichunguza chipu kwa subira mpaka wakajua inavyofikiri. Kuna kampuni ambazo hazikutoa draiva huria, zikatoa faili lililofungwa ambalo distro nyingine hukataa kulibeba kwa sababu za leseni, na nyingine, Mint ikiwamo, hukurahisishia kulipata. Ndiyo maana chipu ileile ilikuwa kipofu mara ya kwanza na ikaona mara ya pili. Laptopu yako haikubadilika. Kilichobadilika ni nani aliyekuandalia lile faili. Likikukuta tena, unganisha simu yako kwa waya wa USB na uwashe kugawa intaneti. Linux huiona simu kama kadi ya mtandao bila kudai chochote, kisha unafungua Kidhibiti cha Draiva cha Mint na kinakutafutia chenyewe. Mpwa wako hakukosea kuipenda distro yake. Alikosea kudhani anachokipenda fundi ndicho kinachomfaa mwenye tarehe ya kukabidhi kazi.

Saa. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo inayoendelea kutembea hata ukizima. Windows huiandikia saa ya eneo ulipo. Linux huiandikia saa ya dunia, UTC, kisha hukokotoa tofauti yenyewe. Kila mmoja anamwamini huyo saa na kila mmoja anamsahihisha mwenzake, nawe unaambiwa ni saa nyingine kabisa. Ukiwa Linux fungua dirisha la amri (Terminal), andika mara moja tu:

timedatectl set-local-rtc 1

Sasa Linux itafuata desturi ya Windows. Mafundi watakuambia ilipasa kuwa kinyume chake, na wana hoja, lakini kubishana na saa si kazi uliyolipwa kuifanya.

Diski isiyoandikika. Hili limewatesa wengi, na nadhani ndilo lililokuudhi kuliko yote. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibonyeza "zima", Windows haizimi kabisa. Inasinzia nusu, inaandika hali yake kwenye diski ili kesho iwake haraka. Diski inabaki katikati ya sentensi. Linux inapokuja ikaiona hivyo, hukuruhusu kusoma na kukataza kuandika, kwa sababu ikiandika, Windows ikiamka itaendelea na sentensi yake ya jana na kuharibu kila kitu. Kwa hiyo lile katazo lilikuwa linakulinda. Dawa yake iko upande wa Windows: fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, kisha zima kawaida. Kuanzia hapo kuzima kutakuwa kuzima.

Unaona? Hakuna hata moja hapo linalohitaji mtu kuzaliwa na kompyuta mkononi. Linahitaji mtu akuambie kabla.

Kuhusu "watu kama mimi", kama simu yako ni ya Android basi umekuwa ukitumia keneli ya Linux kila siku bila kujua. Kompyuta zote 500 zenye kasi kuliko zote duniani, zile zinazoorodheshwa mara mbili kwa mwaka, zinatumia Linux tangu Novemba 2017. Kitu hiki kilitangazwa tarehe 25 Agosti 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye umri wa miaka 21, akisema kwamba ni jambo la kujifurahisha tu na halitakuwa kubwa. Aliutumia pamoja na zana za mradi wa programu huria wa GNU, ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983, na leseni ya GNU ndiyo inayokupa wewe haki ya kuutumia, kuuchungulia ndani, kuugawa na kuubadili. Sasa kwa nini kwenye simu hukuona shida yoyote? Kwa sababu yupo aliyekutangulia: mtengenezaji wa simu alikaa akaioanisha keneli na kila chipu iliyomo, akajaribu, akarekebisha, ndipo akakuuzia. Kwenye laptopu iliyozaliwa na Windows, kazi hiyo ya kuoanisha chuma na keneli umeachiwa wewe. Tofauti ni hiyo. Haihusiani na aina ya mtu.

Sasa tuje kwenye hati, maana hapa ndipo penye riziki yako.

Watu wengi hudhani faili la Word lina kurasa ndani yake kama kitabu. Halina. Limebeba maneno na maagizo: fonti hii, ukubwa huu, pambizo kiasi hiki, jedwali upana huu. Kurasa hutengenezwa upya kila faili linapofunguliwa, na programu iliyolifungua ndiyo inayokokotoa mstari unaishia wapi. Tuseme mteja ameandika kwa Calibri, na Calibri ni mali ya Microsoft, haiji na Linux. LibreOffice, programu ya hati unayoitumia Linux badala ya Word, inatafuta fonti nyingine ya kuziba pengo. Kama herufi za hiyo fonti ni pana kidogo, hata kwa unywele, neno moja linashuka mstari wa chini, aya inaongezeka mstari, mstari unasukuma jedwali, jedwali linavuka ukurasa. Ukafanya marekebisho yako ya macho ili lipendeze kwenye skrini yako, ukahifadhi, ukatuma. Mteja akafungua kwa Calibri halisi, na marekebisho yako yakawa ndiyo uharibifu.

Ndiyo maana zikatengenezwa fonti zenye vipimo vilevile. Carlito ina upana uleule wa Calibri, herufi kwa herufi. Caladea ni pacha wa Cambria. Na familia ya Liberation inashika nafasi ya Times New Roman, Arial na Courier New. Sura zinatofautiana kidogo ukitazama kwa karibu, lakini mistari inavunjika palepale. Liberation kwa kawaida utaikuta tayari. Hizo mbili nyingine hakikisha zipo. Kwenye Mint vifurushi vyake vinaitwa fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea, na unaviweka kupitia Kidhibiti cha Programu kama unavyoweka programu nyingine. Nimeona hati ya kurasa arubaini ikirudi kwenye idadi yake sahihi kwa hatua hiyo tu. Angalia pia kama mteja anatumia Aptos, fonti ambayo Word mpya huanza nayo. Huyo muombe apachike fonti ndani ya faili anapohifadhi, Word ina chaguo hilo, na LibreOffice hulisoma.

Fonti haitaponya yote. Visanduku vya maandishi vinavyoelea, michoro iliyojengwa ndani ya Word yenyewe, na majedwali yaliyoingizwa ndani ya majedwali bado yatakusumbua mara mojamoja. Mapendekezo ya mabadiliko na maoni ya pembeni, ambayo najua nyie wafasiri ndiyo mnayoishi nayo, husafiri vizuri kati ya programu hizi mbili, lakini pima kwa hati zako mwenyewe kabla ya kuniamini. Kuna tabia mbili zitakazokuokoa. Moja, usibadili umbo la faili njiani: limekuja docx (umbo la Word), lifanyie kazi kama docx, lirudishe docx. Kila ukiligeuza kwenda odt, umbo la LibreOffice, na kurudi, kitu kinadondoka, kama maji yanayohamishwa ndoo hadi ndoo. Mbili, usirekebishe mpangilio wa kurasa kwa mkono ndani ya LibreOffice kwenye hati ya mtu atakayeifungua kwa Word. Wewe fasiri maneno, mpangilio uache ulivyokuja. Ukitaka kuhakikisha sura ya mwisho, Word ya kwenye kivinjari inafunguka Linux kama kwingine, nayo inakokotoa kurasa kwa fonti halisi.

Kwa kuwa wewe ni mfasiri, kuna njia iliyo bora zaidi, na nashangaa kama hujaijaribu: OmegaT. Ni programu huria ya kumbukumbu ya tafsiri, imeandikwa kwa Java, kwa hiyo inafanya kazi Windows na Linux kwa namna moja. Inachomoa sentensi kutoka kwenye docx, unazifasiri moja baada ya nyingine, kisha inazirudisha ndani ya faili lilelile huku mpangilio haujaguswa na mkono wako. Hilo pekee lingezuia balaa la mteja wako. Kumbukumbu yake ya tafsiri hutoka kwa umbo la TMX, ambalo ndilo programu nyingi za wafasiri zinabadilishana, hivyo kazi yako ya miaka haifungwi mahali pamoja. Sura yake, nikiri, si ya kupendeza. Inaonekana kama programu ya benki. Utazoea. Na kukagua tahajia ya Kiswahili, LibreOffice ina kamusi yake. Ikishawekwa, unaichagua kwenye lugha ya hati. Haijui maneno yote, itakupigia mstari mwekundu chini ya vitenzi halali kabisa ukivinyambua sana, lakini makosa ya vidole inayakamata.

Kuna swali moja inabidi ujiulize kwa ukweli: je, kuna mteja au wakala anayekulazimisha kutumia programu ya wafasiri ambayo ni ya Windows peke yake? Zipo, na baadhi ya mawakala hawakubali nyingine. Kama yupo na anakupa sehemu kubwa ya kipato, basi usiikate Windows. Baki na mifumo miwili, au weka Windows ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya Linux, kwa VirtualBox. Kwa RAM ya gigabaiti 8 itakwenda, ila kwa kubanana; funga kivinjari kabla ya kuiwasha. Wine, ile tabaka inayoendesha programu za Windows juu ya Linux, ipo tangu 1993 na siku hizi inafanya maajabu, hasa kwenye michezo, lakini sikushauri uweke riziki yako juu yake. Programu inayolipia kodi ya nyumba isitegemee bahati. Kama wakala wako anatumia programu ya kwenye kivinjari, hilo si tatizo hata kidogo.

Tuseme umekaa miezi miwili ndani ya Windows ukitumia LibreOffice, OmegaT, Firefox na Thunderbird, na kazi zinatoka bila malalamiko. Hapo ndipo tunasakinisha. Na hapa nitakushauri kitu ambacho wengi hawakishauri kwa sababu kinahitaji bisibisi.

Usigawe tena diski yako. Nunua SSD, ile diski mpya isiyozunguka, chomoa diski ya sasa yenye Windows, ifunge kwenye bahasha, iandike tarehe, iweke kabatini. Weka ile mpya, sakinisha Linux juu yake peke yake. Ikikushinda, unarudisha ya zamani na siku hiyohiyo uko ulipokuwa, hakuna faili lililoguswa. Hakuna kugombania saa, hakuna diski iliyosinzia, hakuna menyu ya kuchagua mfumo. Kabla ya kununua, fungua kifuniko cha chini uone diski yako ni ya umbo gani, maana laptopu za mwaka huo nyingine zina ile ya inchi 2.5 na nyingine kile kipande chembamba kama ubao. Na kama diski yako ya sasa ni ile ya zamani inayozunguka, jiandae kushangaa. Huwa nasikia watu wakisema "Linux imefanya laptopu yangu iruke", nikichunguza nakuta waliweka SSD siku ileile. Linux ni nyepesi, ndiyo, lakini sifa kubwa apewe aliyestahili.

Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski, chapisha ufunguo wa kuirejesha kabla hujagusa kitu chochote. Usipokuwa nao, siku utakapotaka kusoma mafaili ya ile diski ya kabatini ukiwa Linux utakuta mlango wa chuma.

Distro nakushauri ubaki na Mint. Toleo la 22 limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na linapata masasisho ya usalama hadi 2029. Chukua yenye eneo-kazi, yaani sura ya skrini, la Cinnamon. Gigabaiti 8 zinaitosha. Halafu usihamehame. Kuna maradhi ya kuonja distro mpya kila wiki, nimeyaugua mwenyewe, na dalili yake kuu ni kwamba kazi haziishi. Ukishaliandika faili la Mint kwenye flashi, washa kompyuta kutoka kwenye hiyo flashi, chagua kujaribu bila kusakinisha, kisha kaa nayo saa nzima. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, printa. Na jaribu jambo moja ambalo karibu kila mtu analisahau: funga kifuniko, subiri dakika tano, fungua. Kompyuta isiyoamka kutoka usingizini itakukera kila siku ya maisha yako, ni afadhali ujue kabla.

Flashi hiyo iandike kwa programu yenye vitufe, kama Rufus au balenaEtcher, wala usifuate maelekezo ya kutumia dd, amri inayoandika faili moja kwa moja juu ya diski, hata kama mwandishi wake anajisifu. Nina sababu. Miaka kadhaa baada ya kuhamia, nikiwa tayari najiona bingwa, niliandika dd kuelekeza faili la usakinishaji kwenye sdb, moja ya majina ambayo Linux huzipa diski. Flashi yangu ilikuwa sdc. Sdb ilikuwa diski ya nje yenye picha zote za familia. Amri ile haiulizi, haionyi, haisemi chochote, inatii. Nilipogundua, gigabaiti mbili za mwanzo wa diski zilikuwa zimefunikwa pamoja na orodha ya mafaili. Nilitumia PhotoRec, programu huria nyingine, ikapekua diski kwa siku mbili ikanirudishia picha nyingi, zote zikiwa na majina kama f0183424.jpg, hazina tarehe, hazina folda. Mpaka leo kuna harusi sijui ni ya nani.

Kwa hiyo nakala rudufu. Mint, mara ya kwanza ukiifungua, itakuhimiza uwashe Timeshift, nawe uiwashe. Lakini uelewe inahifadhi nini: inapiga picha ya mfumo ili sasisho likiharibika urudi nyuma. Hati zako, kwa mpangilio wake wa kawaida, haizigusi. Kwa hizo Mint ina zana yake nyingine ya nakala, au burura tu folda ya kazi kwenye diski ya nje kila Ijumaa.

Nimalizie na lile jibu la mwongozo. Aliyekujibu hivyo alikosa adabu, ila nikufafanulie kwa nini mara nyingi utaona mtu anakutupia mstari wa amri wakati ulitegemea akuambie "bonyeza hapa". Menyu zinatofautiana distro kwa distro na toleo kwa toleo. Mstari wa amri unanakiliwa ulivyo na unafanya jambo lilelile kwako na kwangu. Ni ukarimu uliovaa nguo mbaya. Nawe usiukubali kiholela: ukiona amri inaanza na sudo, maana yake unaikabidhi funguo za nyumba nzima, basi muulize aliyekupa kila neno lake linafanya nini. Akishindwa kueleza, achana nayo. Unapouliza wewe, fungua dirisha la amri, andika inxi -Fz, nakili kinachotokea na ukiweke chini ya swali lako. Kinataja chipu, draiva na toleo lako huku kikificha vitambulisho vya mashine. Utaona hata wale wakali wanalainika, kwa sababu wamepata cha kushika.

Kuhusu muda: Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Upo mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 2026; ukiweza jiunge nao ili miezi yako miwili ya mazoezi ipite salama.

Wiki hii fanya kitu kimoja tu. Weka LibreOffice na zile fonti mbili kwenye Windows yako, kisha chukua hati ya zamani ambayo mteja alishaipokea na kuilipia, ile yenye majedwali mabaya kuliko zote. Itengenezee nakala, ifungue, ihifadhi kama docx, uilinganishe na ya mwanzo ukurasa kwa ukurasa. Niandikie umeona nini.